Nano S Plus: uzoefu wangu wa kujitunzia USDT na Bitcoin

Nianze na hukumu: kwa mtu ambaye kripto yake imefika kiwango cha kumkosesha usingizi, Nano S Plus, kifaa cha kampuni ya Ledger cha kutunzia funguo za siri za kripto, inatosha, na sioni haja ya kuongeza hela kwa ajili ya toleo la juu. Ila kifaa chenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye maneno 24 ya kurudishia pochi, kwenye TRX (sarafu ya kulipia ada za mtandao wa Tron), na kwenye kusoma skrini ndogo kwa subira.

Kwa wasiokijua, ni kitu cha ukubwa wa flashi, chenye vitufe viwili na skrini ya nukta 128 kwa 64. Hakina betri wala Bluetooth, umeme kinaupata kwenye waya. Kilipotoka mwaka 2022 kiliuzwa dola 79. Ndani mna chipu ya usalama, ya jamii ile ile inayotumika kwenye kadi za benki, na funguo za siri hazitoki humo unaposaini muamala. Kompyuta inapeleka muamala, chipu inausaini, basi. Hata kompyuta ikiwa imejaa virusi, ufunguo haiupati. Inachoweza kufanya ni kukudanganya kuhusu kile unachokisaini, na hapo ndipo skrini inapohitajika.

Waya wa kwenye boksi una USB-C upande wa kifaa na USB-A upande wa pili, kwa hiyo mwenye simu ya Android atafute adapta ya OTG (ya kuchomekea USB kwenye simu) au waya wa C kwa C unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, na mtu anadhani kifaa kimekufa. Mwenye iPhone asikinunue kabisa, hakiungani nayo.

Nunua kwenye duka la kampuni au kwa wakala aliyetajwa kwenye tovuti yao. Cha mtumba usiguse. Ledger hawaweki stika ya kuzuia kufunguliwa kwenye boksi, hivyo usihangaike kuitafuta. Uhakika unatoka kwenye programu ya Ledger Wallet, ambayo zamani iliitwa Ledger Live: ukiunganisha mara ya kwanza, chipu inatakiwa kujithibitisha kwa hesabu za siri. Kikifika kikiwa tayari kina PIN, au karatasi ya maneno ikiwa imeshajazwa, umeuziwa pochi ya mwizi. Programu nayo ipakue kwenye tovuti ya kampuni, usiitafute kwa matangazo ya Google. Novemba 2023 programu bandia yenye jina lao iliingia hadi kwenye duka la Microsoft, na watu wakapoteza zaidi ya dola 500,000.

Jambo jingine ni la anwani yako wewe. Mwaka 2020 data za wateja wa Ledger zilivuja, zikiwemo majina, anwani za nyumbani na simu za watu wapatao 272,000. Mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa bandia vilivyofungwa vizuri, na barua ya kuomba radhi ndani yake. Funguo hazikuguswa, lakini wezi walijua nani ana nini na anaishi wapi. Agiza kwa sanduku la posta na barua pepe ya peke yake.

Kuanza ni dakika kama 20. Unaweka PIN ya tarakimu 4 hadi 8 (weka 8), halafu kifaa kinakuonyesha maneno 24 moja moja. Yaandike kwa kalamu ukiwa peke yako, simu ikiwa chumba kingine. Usipige picha. Picha inapanda Google Photos au iCloud bila kukuuliza, na siku akaunti hiyo ikiingiliwa pochi inaondoka nayo. Maneno haya hayaingizwi popote isipokuwa kwenye kifaa chenyewe. Yeyote anayeyaomba kwa WhatsApp, Telegram au tovuti ya «uthibitisho» ni tapeli, hata kama ana nembo ya bluu.

PIN ikikosewa mara 3 kifaa kinajifuta. Watu wanaogopa hili, mimi naliona ndiyo kipimo bora. Kabla ya kuweka fedha ya maana, weka kiasi kidogo, kosea PIN kwa makusudi mara 3, kisha rudisha pochi kwa maneno uliyoandika. Kuyaingiza kwa vitufe viwili kunachosha, tenga nusu saa. Salio likirudi lile lile, karatasi yako iko sahihi. Likikataa, neno moja limekosewa au mpangilio umevurugika, na umejua hasara ikiwa bado ndogo.

Karatasi kwa kwetu haiaminiki. Pwani ina unyevu, bara kuna mchwa, na moto haubagui, kwa hiyo maneno yagonge kwenye chuma. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue washa (vile vipande bapa vya mviringo vyenye tundu katikati) kubwa 26 za M8 za stenlesi, zenye kipenyo cha milimita 24, bolti ya M8 ya milimita 65, nati, na seti ya herufi na namba za kugongea za milimita 3. Kila neno linatambulika kwa herufi zake 4 za mwanzo, kwa hiyo ni herufi zisizozidi 96, pamoja na namba ya mpangilio kwenye kila washa. Namba usiisahau: maneno 24 sahihi yaliyochanganyika hayafungui kitu. Washa mbili zinazobaki zinakaa mwanzo na mwisho kama jalada. Gonga juu ya kipande kizito cha chuma, si juu ya mbao, la sivyo herufi hazishiki. Pima kwa sumaku kabla ya kulipa. Ikinasa kwa nguvu, hiyo ni chuma cha kawaida iliyopakwa zinki, na hewa ya bahari itaila. Alumini nayo iache, inayeyuka kwa nyuzi 660 na moto wa nyumba unaweza kufika hapo. Na tafadhali, usimpe fundi akugongee.

Sasa TRX, maana wengi wetu tunachoweka ni USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) ya TRC20, yaani iliyo kwenye mtandao wa Tron. Pakia programu ndogo ya Tron kwenye kifaa, fungua akaunti, kisha tuma TRX kwanza, kabla ya USDT. 30 zinatosha kuanzia. Bila TRX, USDT itafika na itakaa, ila kuitoa hutaweza. Tangu bei ya nishati ya mtandao huo (kipimo cha kazi kinacholipiwa ada) iliposhushwa Agosti 2025, kutuma USDT kunachoma takriban TRX 6.5 kama anayepokea tayari ana USDT, na karibu 13 kama hana. Hiyo tofauti inawachanganya wengi wanaodhani wameibiwa.

Anwani ya Tron inaanza na T na ina herufi 34. Ile inayoanza na 0x ni ya mitandao ya Ethereum na BNB. Ukichanganya ERC20 (USDT ya Ethereum) na BEP20 (ya BNB) usilie, ufunguo ni ule ule. Ongeza BNB kidogo ya ada, unganisha kifaa na pochi inayosoma mtandao huo, utaikuta.

Kila unapopokea au kutuma, thibitisha anwani kwenye kifaa na usome yote. Wapo wanaotuma miamala ya sifuri kutoka kwenye anwani iliyotengenezwa ifanane na ya rafiki yako mwanzo na mwisho, wakingoja uinakili kwenye historia. Mei 2024 mtu mmoja alimtumia mwizi Bitcoin za kwenye Ethereum zenye thamani ya dola milioni 68 kwa njia hiyo hiyo. Kwenye skrini ndogo kusoma herufi 34 ni adha, sikatai, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu kifaa. Ndani ya programu ya Tron, ruhusa ya kusaini kwa heshi iache imefungwa: ukiifungua, unasaini mlolongo wa herufi usioeleweka.

Kuna pia neno la 25, nenosiri la ziada la hadi herufi 100. Linafungua pochi nyingine kabisa juu ya maneno yale yale, kwa hiyo mwenye kuiba washa zako hakuti kitu. Lakini ukikosea hata herufi kubwa na ndogo, kifaa hakisemi kwamba umekosea. Kinakufungulia pochi tupu. Kama hujapanga nani atalijua siku haupo, bora usiliweke.