Kilo tatu zilitoka kweli, ila niulize zilitokea wapi

Hii kitu nilishasamehe kabisa, ila juzi usiku shosti yangu kanitumia skrinshoti kutoka ukurasa wa wale wauza chai ya kupunguza mwili, anauliza "hii si meseji yako?" Nikaangalia, damu ikapanda kichwani.

Ni yangu kweli, mpaka makosa yangu ya kuandika yamo. "Nimepungua kilo tatu dada." Basi, imeishia hapo, wameizungushia mioyo na vimoto. Sasa mimi SIKUISHIA hapo! Meseji ilikuwa inaendelea, "ila naharisha leo siku ya nne, usiku silali, mishipa ya miguu inakaza, niache au niendelee?" Wamekata pale pale kwenye "dada". Mtu kakaa chini, kasoma nateseka, akachukua mkasi.

Chai yenyewe nilinunua miezi kadhaa nyuma, kulikuwa na shughuli ya familia na zipu ya gauni imenigomea. Tangazo lilikuwa na yule mwanamke wa "kabla", kanuna, kajikunja gizani, na wa "baada" kavuta tumbo ndani, kapaka lipstiki. Bila mazoezi, bila kujinyima, asilia asilimia 100, haina madhara. Msinicheke, zipu ikikugomea na wewe utanunua.

Siku ya kwanza wala. Ya pili nikahamia chooni na chaja ya simu. Namwandikia muuzaji, jibu lake: "Hongera mpenzi, hiyo ni sumu inatoka, dawa imekukubali." Hongera! Yaani naumwa halafu napongezwa. Nikamuuliza sumu gani, akasema sumu za mwilini, nikamuuliza zinaitwaje, kimya, baadaye kidogo ananiambia nisiache katikati, eti nikiacha sumu itarudi na wenzake.

Ndipo nikachukua boksi nikasoma vile viherufi vya chini, nilivyopaswa kusoma mapema, hilo kosa langu. Sanamaki. Jamani, sanamaki ni dawa ya kufungua choo, watu wanaijua toka enzi, na ukiinunua famasi unaambiwa usizidishe wiki moja bila kumuona daktari, hawa wameandika asubuhi na jioni miezi mitatu! Na inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa zamani kule kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo unachokitoa ni maji na chumvi, potasiamu nayo inaondoka humo humo, na ikipungua ndio misuli inaanza kukaza. Mafuta yako yapo palepale yanakutazama. Nilipoacha nikanywa maji, nikala kawaida, siku chache tu kilo zote tatu zikawa zimerudi.

Sasa sitaki kumuonea mtu. Mzigo ulifika haraka, chai ina harufu nzuri, na kilo zilitoka kweli, kwa hiyo ukibana sana labda hata hawajadanganya. Nilitaka niwape nyota mbili.

Ila kuna kitu kingine mle, garcinia, tunda fulani la huko Asia, wameandika "imethibitishwa kisayansi". Nikatafuta maana usingizi wenyewe sikuwa nao. Mwaka 1998 watafiti Marekani walichapisha jaribio la watu 135, wiki 12, wote wamewekwa kwenye mlo wa kujinyima, wengine wanapewa garcinia wengine kidonge kisicho na kitu. Wa garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Wa kidonge kisicho na kitu, kilo 4.1. Wenyewe wanasema tofauti hiyo ni ndogo, haithibitishi chochote, sawa, lakini mimi nimelipia kitu ambacho hakijakishinda kidonge cha bure! Nyota mbili nimezirudisha.

Na bado nina bahati, hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba nalazimika kushukuru. Kuna dawa za kupunguza mwili zinauzwa kama mitishamba mitupu, maabara wakipima wanakuta sibutramini ndani, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, na kwenye lebo haijaandikwa popote. Wangu angalau sanamaki waliiandika. Haya, nyota moja, ya viherufi.

Nikamfuata muuzaji, nikamwambia kwa adabu kabisa, toa ile skrinshoti au weka meseji nzima. Akanijibu "lakini si ulipungua kweli mpenzi?" akanibloku.

Kwa hiyo sasa naangalia kupitia simu ya shosti. Bado ipo. Chini yake kuna mdada kauliza kama inamfaa anayenyonyesha, kajibiwa "inafaa kabisa dia, ni asilia". Shosti akaandika pale kwamba mwenye hiyo meseji ni rafiki yake na alikuwa anaharisha siku nne. Haikukaa hata dakika moja, wakaifuta, na yeye wakambloku. Ile nyota moja nimeitoa.