Nyumba ya Mungu: siku moja bwawani kutoka Moshi

Nauza vifaa vya umeme hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na nne. Umeme ukikatika, wateja hunigeuza msemaji: umeme wetu unatoka wapi hasa? Mmoja atataja Kidatu, mwingine Mtera, na siku hizi wote wanataja Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Nyumba ya Mungu, bwawa lililo mkoani kwetu, hulisikii. Nami nimekula perege wa bwawa hilo tangu utoto, maana marehemu mama alikuwa akiwanunua soko la Kiboriloni, lakini nilikuwa sijawahi kukanyaga. Jumamosi iliyopita nimefika, na ninaandika haya ili anayetaka kwenda ajue cha kutegemea.

Tulikodi Noah: mimi, mdogo wangu na wanawe watatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulishatoka. Mpaka Himo na kuendelea upande wa Same ni lami safi, kisha unakata kulia, na hapo vumbi linaanza. Mgomba wa mwisho tuliuacha nyuma zamani; kilichobaki ni migunga, mbuzi, na vijana wa Kimasai na ng'ombe wao. Joto lilipanda hadi watoto wakavua masweta. Halafu, katikati ya ukame huo, ukaona maji. Mengi, yametulia, mpaka jicho linachoka kutafuta ng'ambo. Likijaa, bwawa linazidi kilomita za mraba 100, na limegusa wilaya tatu: Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro.

Nilisimama pale nikawaza, mvua ya huku ni haba, maji haya yote ni ya nani? Ni ya milima yetu. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro. Mto Ruvu unatoka Ziwa Jipe, mpakani na Kenya. Bwawa lilijengwa pale inapokutana mito hiyo miwili, na mto unaotoka chini yake ndio Pangani, unaokwenda mpaka baharini. Kama umewahi kuogelea Chemka, basi umeyaogea maji yanayokuja huku, kwa sababu chemchemi ile inamwaga Kikuletwa. Na mto Karanga, ambao mimi naupita kila siku kwenda dukani, unaingia Weruweru, na Weruweru unaingia Kikuletwa.

Ukifika ukitarajia mitambo mikubwa, utavunjika moyo. Kituo cha umeme cha hapa kilianza kazi mwaka 1968 na uwezo wake ni megawati 8. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Lakini kulipima bwawa hili kwa megawati 8 ni kulionea. Watoto niliwaeleza kwa mfano wa simtanki: ukivuna maji ya masika ukayahifadhi, wakati wa kiangazi unafungua koki na nyumba nzima inapata. Nyumba ya Mungu ndiyo simtanki la mto Pangani. Maji yakishazungusha mitambo ya hapa yanashuka mpaka Hale, kituo cha mwaka 1964 chenye megawati 21, kisha yanafika kituo kipya cha Pangani, cha mwaka 1995, chenye megawati 68. Maji yaleyale, mara tatu! Mimi ninayeuza nyaya nilisisimka kuliko watoto.

Tuta lenyewe tuliliona kwa mbali. Mlinzi alitupokea vizuri, watoto wakamwamkia, akaitikia, kisha akatueleza kwamba kwenye mitambo huingii bila kibali na picha za tuta haziruhusiwi. Ni sawa, ni mali ya taifa. Kilichoniuma ni kwamba kote tulikopita sikuona hata kibao kimoja kinachoeleza bwawa hili ni nini, lilijengwa lini na kwa nini. Wenye dhamana wangeweka ubao mmoja tu, wenye ramani ya mito, mwanafunzi akija aondoke na kitu kichwani.

Mtumbwi ndio sehemu ya kuwa makini. Kijana wa kwanza alitaka elfu tano kila kichwa, lakini hakuwa na boya hata moja la kuvaa. "Mama, hatuendi mbali, ni hapahapa tu." Nikamwambia, mwanangu, nashukuru, ila watoto hawa si wangu. Humu kuna viboko na mamba, na wavuvi wenyewe wanakwambia mchana upepo hugeuka. Wa pili alikuwa na maboya matatu, akakubali kutupeleka kwa zamu mbili kwa bei ileile. Huyo Mungu ambariki. Nendeni kabla ya saa nne. Sisi tulikuwa majini saa mbili u nusu, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi kaskazini, theluji yake inaonekana, huku mashariki milima ya Upare imejipanga. Vigogo vya miti iliyokufa vimechomoza majini, na juu ya kila kimoja ametua mnandi anaanika mbawa.

Na samaki! Mama lishe wa pale mwaloni alimchukua perege kutoka kwenye beseni, akamparua magamba kwa kisu butu kutoka mkiani kwenda kichwani, akamtoa matumbo, akamsuuza mara mbili. Kisha akamchanja mistari mitatu kila ubavu, akapaka chumvi na kukamua ndimu mpaka ndani ya michanjo. Alipomtumbukiza kwenye karai, mafuta yalilia. Hakumgeuza mpaka ngozi ilipojiachia yenyewe. Ugali, kachumbari, pilipili ya kupikicha, elfu saba. Mjini hupati samaki mwenye ladha hiyo, kwa sababu huko anafika ameshalala.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu yetu alitusimulia kwamba bwawa lilipokuwa jipya samaki walifurika, wavuvi wakaja kutoka mbali na kambi zikaota kama uyoga. Baadaye wakapungua sana. Alilaumu kokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu za matundu madogo, na akakumbuka wakati serikali iliposimamisha uvuvi ili samaki wazaane. Alinionyesha kiganja chake: "Mama, asiyefika hapa usimnunue." Nilirudi kwa muuzaji nikabadilisha wawili.

Nyota tano kwa maji na samaki, mbili kwa maandalizi ya wageni. Choo cha maana hakuna, kivuli ni cha mgunga, kwa hiyo beba kofia, maji ya kunywa na pesa taslimu. Ukinunua samaki wa kurudi nao, nenda na ndoo yenye barafu. Sisi hatukuwa nayo. Tulitia chumvi, tukafika Moshi saa kumi, na jioni hiyohiyo nikawakaanga wote, mistari mitatu kila ubavu.