Dawa ya kupe nyumbani: nini ununue kwanza ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kwa ua wa kawaida wa Uyole, Kihesa au Makambako, wenye mbwa wawili, ng'ombe mmoja wa maziwa bandani na kipande cha majani nyuma ya nyumba, fedha ya kwanza iende kwenye dawa ya kuogeshea wanyama. Ya pili iende kwenye fyekeo. Dawa ya kupuliza banda na kuta ni ya tatu. Dawa ya kunyunyizia majani ya ua mzima, ambayo wengi huikimbilia dukani mvua za Novemba zikishaanza, tumeiweka chini kabisa.

Sababu ni maisha ya kupe mwenyewe. Jike akishiba damu hudondoka, hujificha, hutaga mayai elfu kadhaa kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Ukimuua akiwa bado sikioni mwa mnyama, umeua na kizazi chake. Akishadondoka, utakuwa unawinda watoto wasiozidi punje ya ulezi, waliojibana shinani mwa majani ambako dawa haifiki. Huko juu inakobaki, jua huivunja, mvua huiosha, na nyuki wa jirani ndio wa kwanza kufa.

Kabla hujatoa pesa, mtazame kupe

Kupe wa mbwa ni wa kahawia mtupu, na utamtambua kwa tabia: hupanda ukuta. Akishashiba hutafuta nyufa za banda, chini ya paa, nyuma ya lipu iliyobanduka. Huyu anaweza kuishi maisha yake yote kati ya mbwa na banda bila kugusa majani, kwa hiyo mwenye kupe wa aina hii akifyeka ua kila siku hatapata nafuu.

Kupe wa masikio wa ng'ombe, naye wa kahawia, ndiye mleta ndigana kali (East Coast fever). Anajazana ndani ya masikio, na jike huhitaji kama wiki moja tu kushiba. Kupe wa bluu hukaa kwenye mnyama yuleyule takriban wiki tatu, tangu akiwa mtoto hadi anashiba, na huleta ndigana baridi (anaplasmosis) na ugonjwa wa kukojoa damu. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga ratiba: kuogesha kila baada ya wiki tatu kunaweza kumbana kupe wa bluu, lakini wa masikio atakuwa ameshapanda, ameshiba na ameondoka katikati. Ndiyo maana wakati wa mvua ng'ombe huogeshwa kila wiki. Kupe mkubwa mwenye mgongo wa rangirangi na miguu ya mistari huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji, na hupenda kiwele, kinena na chini ya mkia.

Papasi wa nyumba za udongo ni jambo jingine. Huyo hujificha kwenye sakafu ya vumbi na nyufa, huuma usiku kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, na anaambukiza watu homa ya papasi. Dawa ya kuogeshea mbwa haimhusu. Sakafu ya saruji na lipu isiyo na nyufa ndiyo tiba.

Nafasi ya 1: amitrazi ya asilimia 12.5

Hii ndiyo dawa ya kuogeshea wanyama tuliyoitanguliza, na hakuna kinachoikaribia kwa bei ukilinganisha na kazi. Inaua kupe, chawa na utitiri wa ukurutu, na hupatikana karibu kila duka la dawa za mifugo kuanzia Tukuyu hadi Iringa mjini. Viroboto haiwaui, jambo ambalo muuzaji huenda asikuambie.

Kipimo cha kawaida ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 10. Kipimo hicho ni cha ile ya asilimia 12.5 tu, ukiuziwa yenye nguvu tofauti, fuata lebo yake. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, maana kila kiwanda kina kifuniko chake. Changanya dawa kwanza na maji nusu lita, koroga, ndipo ujaze ndoo. Maji yawe safi, kwa sababu matope hula nguvu ya dawa, na mchanganyiko uishe siku hiyohiyo. Uliobaki hadi kesho ni maji tu yenye harufu.

Mbwa mpake kwa sponji kuanzia shingoni hadi mkiani, kati ya vidole, chini ya mkia. Masikio yafute kwa kitambaa kilicholowa dawa. Usimsuuze wala usimkaushe kwa taulo. Mzuie kujilamba hadi akauke. Rudia kila wiki mbili, au kila wiki akiwa na kupe wengi. Mwenye kupaka avae glovu za mpira.

Ng'ombe anahitaji lita 5 hivi au zaidi ili alowe kweli, na anayelowa mgongoni tu hajaogeshwa. Mnyweshe maji kwanza, mpulizie asubuhi mvua ikiwa haijatanda, na nozo iingie masikioni, kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia na kati ya kwato. Masharti ya maziwa hutofautiana kati ya dawa na dawa. Yasome kwenye lebo kabla hujakamua.

Amitrazi usiiguse kwa paka, farasi, punda, wala watoto wa mbwa chini ya miezi minne. Halafu kuna suala la baridi, ambalo huku kwetu ni zito kuliko Pwani. Amitrazi hushusha joto la mwili na mapigo ya moyo. Juni hadi Agosti, Njombe na Makete kukiwa na umande unaoganda, mbwa aliyeogeshwa jioni akalala amelowa yuko hatarini. Mwogeshe saa nne hadi saa sita mchana, akae penye joto hadi akauke. Akilegea, akayumba au akapoa mwili, mwahishe kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kumrudisha ipo.

Dukani angalia mambo haya: kizibo hakijavunjwa, tarehe haijapita, namba ya usajili ipo, na asilimia imeandikwa. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iache hata kama ni nusu bei. Tone la dawa nzima likiingia kwenye glasi ya maji, maji hugeuka meupe mara moja. Likielea kama mafuta au likizama na kutuama, rudisha.

Bomba la mgongoni la lita 16 au 20 linafaa kwa mwenye ng'ombe watatu na kuendelea. Kwa mmoja, bomba la mkono la lita 5 linatosha na nozo yake huingia sikioni vizuri zaidi. Liwe la mifugo peke yake. Bomba lililotumika kwa dawa ya magugu kwenye mahindi au ya ukungu kwenye viazi halioshwi likaisha. Mabaki huunguza ngozi na kuingia kwenye maziwa.

Nafasi ya 2: fyekeo, na lori dogo la kokoto kama una uwezo

Kupe wachanga hufa kwa kukaukiwa. Majani yaliyofyekwa chini ya kifundo cha mguu huruhusu jua kufika ardhini, na hiyo ni sumu isiyo na lebo. Fyeka kila wiki mbili wakati wa mvua, na kusanya ulichofyeka, maana ukikiacha kinakuwa blanketi. Penye ua wa miti au mpaka na shamba, weka ukanda wa kokoto au moramu wa mita moja. Kuni zipange juu ya matofali mbali na nyumba, kwani panya ni wabebaji wa kupe wachanga.

Anayefuga bandani asijidanganye kwamba ng'ombe asiyetoka hapati ndigana. Kupe huletwa na mzigo wa majani. Ukikata pembezoni mwa barabara au kwenye bonde wanakochungia ng'ombe wa watu, unawabeba hadi horini. Kata kwenye matete au majani ya malisho ya Guatemala uliyopanda mwenyewe, na majani ya nje yaanikwe juani yanyauke kabla ya kulishwa. Rungwe, ambako mvua hainyamazi kwa muda mrefu, kunyausha ni kazi, hivyo huko ratiba ya kuogesha ndiyo ishikiliwe zaidi.

Nafasi ya 3: dawa ya banda na kuta

Hapa nunua jamii ya pareto ya kiwandani: saipamethrini, alfasaipamethrini au deltamethrini, iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya kupuliza majengo. Kwa tatizo la kupe wa mbwa hii ina thamani sawa na amitrazi, na moja bila nyingine ni kazi bure. Toa matandiko yote na uyachome. Ziba nyufa kwa saruji. Kisha puliza kuanzia sakafuni hadi kwenye mbao za paa, kwa sababu kupe huyu hupanda juu. Dawa haiui mayai ipasavyo, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili au tatu, na mara nyingine tena baada ya hapo. Wanaopuliza mara moja wakaacha ndio husema dawa ni feki. Mbwa arudi kukiwa kumekauka. Paka asiingie kabisa kukiwa kubichi, na maji ya kuoshea bomba yasifike mfereji wa kwenye bwawa la samaki.

Nafasi ya 4: vidonge vya mbwa

Bravecto hulinda kwa wiki 12, NexGard kwa mwezi mmoja. Ni ghali, na si kila duka la mkoani huviweka, pengine utaagiza kupitia daktari. Kwa mbwa anayelala ndani, au anayeng'ata akiogeshwa, au kwa miezi ya baridi, vipewe nafasi ya kwanza bila ubishi. Nunua kwa uzito wa mbwa aliyepimwa, si kwa kukisia, na usigawe kidonge cha mbwa mkubwa kwa wadogo wawili. Kupe lazima aume ndipo afe, hivyo bado utawaona. Mbwa mwenye historia ya degedege asipewe bila ushauri.

Nafasi ya 5: kola na matone ya shingoni

Kola ya Seresto hufanya kazi hadi miezi minane, vidole viwili vipite chini yake. Kola za bei ya chee zisizotaja kiambato ni mapambo. Matone ya fipronili hukaa karibu mwezi na huua viroboto pia. Usimwoshe mbwa kwa sabuni siku mbili kabla na mbili baada. Sungura wasipakwe.

Nafasi ya 6: unga wa pareto

Pareto inalimwa milimani kwetu na kusindikwa Mafinga, kwa hiyo inauma kidogo kuiweka chini hivi. Viini vyake hufanya kazi haraka lakini jua huvivunja ndani ya muda mfupi. Ndani ya banda lenye kivuli, kwenye viota vya kuku na chini ya matandiko, inafaa. Uani ni hasara.

Nafasi ya 7: utupa, kuku, na kunyunyizia ua mzima

Majani ya mmea wa utupa (Tephrosia) yaliyotwangwa na kulowekwa huua kupe, ila kuna mimea ya utupa isiyo na sumu hiyo kabisa, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Kuku hudonoa kupe waliodondoka na hata walio kwenye ng'ombe aliyelala. Waache wafanye hivyo, lakini si siku ya kuogesha. Ukilazimika kupulizia majani, puliza ukanda wa mita moja au mbili kandokando ya banda na mpaka tu, jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Vya kutonunua: oili chafu na mafuta ya taa (huunguza ngozi), dawa za wadudu wa mazao, na sindano ya ivamektini kama tegemeo la kupe. Kupe aliyeng'ang'ania mtu mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, umvute wima. Homa au kidonda chenye gamba jeusi vikifuata, nenda zahanati.

Ununue kiasi gani

Ng'ombe mmoja kwa lita 5 kila wiki ni mililita 10 za amitrazi. Novemba hadi mwisho wa Aprili ni wiki 26, jumla mililita 260. Mbwa wawili kwa lita 3 kila mmoja, kila wiki mbili, ni mililita 156. Chupa ya nusu lita inavusha msimu mzima. Ihifadhi kivulini, kizibo kimekazwa, kwani unyevu huiharibu. Usiache kabisa Mei ikifika: kupe wachanga wa masikio huongezeka mvua zikikatika.

Kupe wakionekana wazima siku tatu baada ya kuogesha, kagua kipimo na namna ya kulowesha kwanza. Vikiwa sawa, badili jamii ya dawa, kutoka amitrazi kwenda ya jamii ya pareto au kinyume chake. Kubadili jina la chupa lenye kiambato kilekile hakusaidii. Kwa mwenye ng'ombe wa kisasa, ulizia pia chanjo ya ndigana kali kwa afisa mifugo. Hudungwa mara moja kwa maisha, hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa lazima iishe siku hiyohiyo, kwa hiyo majirani hujiandikisha pamoja. Ndigana baridi haiizuii, na kuogesha kunaendelea.