dcpTool: uzoefu wangu wa kubadilisha majina ya profaili za rangi

Mimi hupiga picha za harusi, na kila ukumbi una taa zake. Kabla maharusi hawajaingia napiga picha kadi ya ColorChecker, ile ya visanduku 24 vya rangi, halafu nyumbani natengeneza profaili ya kamera kwa mwanga ule, yaani faili inayoiambia programu ya kuhariri picha jinsi ya kuonyesha rangi za kamera hiyo. Kazi zilivyoongezeka, orodha ya profaili ndani ya Lightroom Classic, programu ninayohariria picha, ikajaa "mpya", "mpya2", "ukumbi". Ukumbi upi sasa?

Kubadilisha jina la faili hakusaidii kitu. Lightroom huonyesha jina lililoandikwa ndani ya faili ya profaili (ile inayoishia na .dcp), si lile unaloliona kwenye folda. Ndiyo maana nikapakua dcpTool, programu ndogo ya kufungua na kurekebisha faili hizo. Ni ya bure, lakini haina dirisha wala vitufe: unaiandikia amri tu, na asiyezoea mambo hayo atakunja uso. Amri ya "dcpTool -d" inaigeuza profaili kuwa XML, yaani maandishi yanayosomeka, unaifungua kwa programu yoyote ya maandishi, unatafuta ProfileName na kuandika jina jipya. Ukimaliza, "dcpTool -c" inairudisha kuwa .dcp. Ifunge Lightroom na kuifungua upya ndipo utaliona jina hilo.

Mstari wa UniqueCameraModelRestriction usiuguse. Huo ndio unaosema profaili ni ya kamera ipi. Herufi moja ikikosewa, profaili haionekani tena kwenye picha zako.

Kwenye jina la ndani naandika aina ya taa na mwaka, basi. Kamera siitaji, kwa sababu Lightroom hukuletea profaili za kamera iliyopiga picha hiyo peke yake. Kwenye jina la faili, kinyume chake, kamera inatangulia, maana folda ya CameraProfiles, zinakokaa faili hizo, inachanganya za kamera zote.

Kinachonikera ni picha zilizokwisha kuhaririwa. Zinakumbuka jina la zamani, na ukiifuta profaili ile Lightroom inakwambia haipo. Kwa hiyo profaili za kazi ambazo mteja anaweza kurudi kudai albamu naziacha na majina yao mabaya, nazipa majina mapya nakala tu.

Kwa mwenye profaili nyingi naipendekeza dcpTool bila wasiwasi. Mwenye tatu au nne asijisumbue: azitie alama ya nyota kwenye kivinjari cha profaili (Profile Browser) ndani ya Lightroom, zitakaa juu pamoja na vipendwa vyake vingine.