8.8.8.8 au 9.9.9.9: ipi inakagua saini za DNSSEC?

Google Public DNS (8.8.8.8), huduma ya DNS, yaani inayotafuta anwani ya IP ya jina la tovuti unaloandika, ilianza Desemba 2009, lakini ni 2013 ndipo ilipoanza kukagua saini za DNSSEC (saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu la DNS halijaghushiwa) kwa kila mtumiaji bila kuombwa. Quad9 (9.9.9.9), huduma nyingine ya aina hiyo, ilizinduliwa Novemba 2017 na inakagua pia. Kwa kazi hiyo yenyewe sioni tofauti. Ziulize kuhusu dnssec-failed.org, kikoa kilichoharibiwa saini makusudi kwa ajili ya majaribio: zote mbili hujibu SERVFAIL (ujumbe wa hitilafu) na tovuti haifunguki. Ndivyo inavyotakiwa.

Tofauti iko kwingine. Quad9 huzuia pia majina yanayojulikana kwa utapeli na virusi. Google haichuji hivyo. Na hapa ndipo wengi wanapoponzwa: wakichoshwa na uchujaji huhamia 9.9.9.10, anwani nyingine ya Quad9, wasijue kwamba hiyo haikagui saini kabisa. Wameondoa chujio na kufuli kwa pamoja! Kama hutaki kuchujiwa, 8.8.8.8 ni afadhali sana.

Kwa faragha, Quad9, taasisi ya Uswisi isiyotafuta faida, haihifadhi anwani ya IP ya mtumiaji. Google huihifadhi kwa saa 24 hadi 48.

Mimi nimechagua 9.9.9.9. Ila ukaguzi hufanyika kwenye seva zao, si kwenye simu yako, na njia kati ya simu yako na seva hizo hubaki wazi. Ili kuifunga njia hiyo kwenye Android, ingia mipangilio ya DNS ya faragha uandike dns.quad9.net, au dns.google ukipenda ile nyingine.