Mnandi wetu na pengwini wa Afrika Kusini, nani mkali majini?

Wana Kigoma mnaobishana pale mwalo wa Kibirizi, ndege hawa wote wawili wanapiga mbizi kusaka samaki ila staili tofauti kabisa. Mnandi anajisukuma kwa miguu na manyoya yake yanalowa, ndo maana unamkuta juu ya jiwe katanua mabawa anajianika kama shati. Pengwini maji hayamwingii, anapiga mabawa huko chini anachanja mbuga, ila kuruka hewani hawezi. Kwangu pengwini anashinda mapemaa. Shida maisha yake magumu jamani, 2024 katangazwa yuko hatarini kabisa kutoweka, dagaa anaowategemea wamepungua, 2025 wahifadhi na wavuvi wa huko wakakubaliana kuzuia kuvua dagaa hao karibu na makoloni 6 anakozalia, kwa miaka 10, sisi 2024 Ziwa Tanganyika kufungwa uvuvi miezi 3 tu tulilalamika weee! Mnandi yeye bado wapo kibao.