Uzoefu wangu na aina tatu za mnanaa wa peremende, na ile ambayo ningeinunua tena

Anayetaka kupanda mnanaa wa peremende nyumbani anunue mche, wala asivutiwe na pakiti ya mbegu hata kama picha yake inapendeza. Mmea huu, ambao kitaalamu huitwa Mentha × piperita, ni chotara wa mnanaa wa majini na nanaa ya kawaida tunayoitia kwenye biriani na chatini, nao ni tasa. Peremende halisi huenezwa kwa vipandikizi au kwa vipande vya mizizi yake inayotambaa, na kinachoota kutoka kwenye pakiti yenye jina hilo kwa kawaida huwa ni nanaa ya namna nyingine.

Ninaishi Croydon, kusini mwa London, na bustani yangu ni uwanja mdogo uliosakafiwa nyuma ya nyumba, unaopata jua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Humo ninalima aina tatu za peremende, kila moja katika chungu chake: Black Mitcham, Chocolate, na ile yenye harufu ya machungwa inayouzwa kwa jina la Eau de Cologne. Miche yake haikuwa ghali, kwani mmoja ulinigharimu kati ya pauni 3 na 5.

Black Mitcham ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo, na ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Jina lake limetokana na Mitcham, mahali panapopitiwa na tramu ya kutoka Croydon kwenda Wimbledon, ambapo katika karne ya 18 na ya 19 palikuwa na mashamba mapana ya lavenda na peremende, na kampuni ya Potter & Moore, iliyoanza mwaka 1749, ikizalisha mafuta ya mimea hiyo. Shina lake lina rangi ya zambarau iliyokoza hadi kukaribia weusi, na ukiligeuza jani utaiona rangi hiyo hiyo ikifuata mishipa yake. Ukilisugua kwa vidole, harufu tamu hutangulia, kisha ubaridi hupanda puani na kukaa. Ubaridi huo ni wa mentholi, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 30 na 50 ya mafuta ya peremende. Nanaa ya kawaida haina ubaridi wa namna hiyo kwa sababu mafuta yake yametawaliwa na kemikali nyingine, karvoni, na ndiyo maana inakubaliana na chakula chenye chumvi kuliko peremende.

Kwa chai, mimi huchuma majani yaliyokomaa badala ya vichipukizi vya juu. Jani changa huwa na mentoni, kemikali nyingine ya mafuta hayo, kwa wingi, na kadiri linavyokomaa mentoni hiyo hugeuka kuwa mentholi. Kwa hiyo mavuno mazuri kuliko yote huku Uingereza hupatikana kiangazi, maua yanapokaribia kufunguka. Ninayamwagia maji yaliyochemka, ninakifunika kikombe kwa sahani ili harufu isipotee na mvuke, na baada ya dakika kumi hivi chai inakuwa na nguvu ya kutosha bila sukari. Wenye kiungulia wawe waangalifu, kwa kuwa peremende hulegeza mlango wa juu wa tumbo na huweza kuwazidishia maumivu.

Chocolate ni nzuri, ila anayeinunua asitarajie ladha ya chokoleti. Majani yake yana weusi wa kahawia, hasa yale ya juu, na harufu yake ni ya peremende isiyo kali, ambayo kwangu inakumbusha vanila. Katika chai tupu naiona dhaifu, lakini katika maziwa ya moto yenye kakao inapata mahali pake, na watoto nyumbani huipenda kuliko Black Mitcham. Udhaifu wake mkubwa bustanini mwangu umekuwa ugonjwa wa kutu, ambao ni kuvu anayejitokeza kama vidonda vidogo vya rangi ya machungwa chini ya jani, hasa hali ya hewa ikiwa na unyevunyevu. Dawa niliyoiona ikifaa ni kukata mashina yote hadi usawa wa udongo na kuyatupa kwenye taka, wala si kwenye mboji; baadaye mmea huchipua upya ukiwa safi.

Eau de Cologne sitainunua tena kwa ajili ya jikoni. Mafuta yake yana kemikali ya linaloli kwa wingi, kama yalivyo ya lavenda, na chai yake ina ladha ya manukato. Katika jagi la maji baridi lenye vipande vya limau inapendeza, na katika maji ya kuoga ni bora kuliko zote tatu, lakini mwenye nafasi ya chungu kimoja tu asiipe aina hii.

Lipo jambo la wauzaji ambalo halina budi kusemwa. Duka moja la mtandaoni lilinitumia mche wenye kibandiko cha Black Mitcham, na ulipofika ulikuwa na shina la kijani na majani yaliyokaa moja kwa moja kwenye shina. Jani la peremende lina kikonyo kinachoonekana wazi. La nanaa ya kawaida halina, au kikonyo chake ni kifupi mno. Niliwapelekea picha, wakanirudishia fedha. Tangu hapo ninanunua kwenye kitalu cha miche ninakoweza kuligusa jani kabla ya kulipa, na ningemsihi kila mnunuzi afanye hivyo.

Kuhusu utunzaji, chungu cha upana wa sentimita 30 kinatosha kwa mche mmoja. Mizizi ya mnanaa hutambaa na kuvamia, na aina mbili zikikaa pamoja, moja huimeza nyingine. Majira ya baridi mashina hufa yote na chungu huonekana kitupu, lakini mwezi wa Machi au Aprili machipukizi hurudi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu inafaa kuupasua mmea na kupanda upya sehemu za pembeni, kwani katikati huchoka.

Ndugu zangu walioko Lushoto, Limuru au Iringa wajue kwamba peremende huhitaji siku ndefu za kiangazi cha kaskazini ili ichanue vizuri. Karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, hutambaa zaidi ya kusimama, huchanua kwa nadra, na mafuta yake huwa na mentholi pungufu. Bado hutoa chai nzuri, hasa nyanda za juu zenye usiku wa baridi. Lakini wasiyasubiri maua kama dalili ya kuvuna, bali wakate shina linapofika urefu wa shibiri moja na majani ya chini yamekwisha kukomaa.